Agizo Likigeuzwa Njiani: Juu ya Mapatano ya Wafanyabiashara wa Busia na Tororo

Mnunuzi wa Kisumu aliyeagiza magunia mia tatu ya mahindi kutoka ghala la Busia, upande wa Uganda, hupiga simu siku tatu baadaye akasema kwamba mia mbili yatamtosha. Mwenye ghala aliyeahidi kupakia Jumatatu huomba angojewe hadi Alhamisi, kwa kuwa mvua imemzuia kuanika. Na kinu kilichoikubali bei ya wiki iliyopita hudai ipunguzwe, kwa sababu mahindi ya Trans Nzoia yameanza kuingia sokoni. Mambo haya ni ya kawaida katika biashara ya nafaka ipitayo Busia na Malaba, wala hayana aibu, kwani agizo ni dhana ya mtu juu ya siku zijazo, na siku zijazo hazimtii mtu. Suala linalostahili kuchambuliwa kwa utulivu ni jingine: watu wawili waliokwisha kuuziana miaka mingi, nao wakitarajia kuuziana miaka mingi zaidi, mmoja wao akitaka kugeuza agizo lililokwisha kutolewa, wapatane kwa kanuni gani, na hasara ya mageuzi hayo imwangukie nani?

Rai ninayokusudia kuitetea ni kwamba haki ya kugeuza agizo hupungua kila mzigo unaposogea hatua moja kumwelekea aliyeuagiza, na kwamba gharama ya kila hatua yapasa kubebwa na yule aliyekuwa na habari mapema akainyamazia. Mabadiliko peke yake hayawatenganishi washirika wa siku nyingi, maana lau yangekuwa na nguvu hiyo, wasingalidumu hata msimu mmoja. Kinachowatenganisha ni habari iliyochelewa, na hasara ambayo haikusemwa waziwazi ni ya nani, ikaachwa iteremke hadi kwa mnyonge asiye na mtu wa kumpokeza.

Ili tuelewe kwa nini watu wa upande huu hupendelea sulhu kuliko mashitaka, yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kabla ya mpaka kuwapo, misafara ya pwani ilikuwa ikitua kwa mtawala Mumia, katika nchi ya Wawanga, ikipumzisha wapagazi na kununua chakula cha safari ya Uganda, na chakula hicho hakikuuzwa kwa hati bali kwa kujuana. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, na mstari uliotokana na uamuzi huo ukawaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili, kama ulivyowaacha Wamasaba upande mmoja wa mlima wao na jamaa zao Wabukusu upande wa pili. Reli iliyopita Malaba na Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ukaanza Januari 1, 2005. Na Februari 24, 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakakifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Serikali na sheria zimebadilika mara nyingi katika muda huo, lakini mwenye ghala na mshitiri wake wameendelea kuonana, na aghalabu mmoja wao ameoa au ameolewa katika ukoo wa ng'ambo. Kushitakiana katika hali kama hiyo ni kuharibu biashara na udugu kwa mkupuo mmoja.

Kinachowaunganisha zaidi ya damu ni majira. Mashariki mwa Uganda mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa mvua za Machi zinapoanza, yakavunwa kuanzia Juni hadi Agosti, na ya msimu wa pili huvunwa mwisho wa mwaka. Ilhali mavuno makubwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya huja kuanzia Oktoba. Kwa hiyo miezi ambayo maghala ya Kenya yamepungua ndiyo miezi ambayo ya Uganda yamejaa, na Mkenya, ambaye mahindi meupe ndiyo ugali wake wa kila siku, huvuka mpaka kwa haja ya kweli. Haja hii haiko sawa mwaka mzima, nalo jambo hilo ni la msingi katika uchambuzi wetu: mwezi Juni muuzaji ndiye anayeombwa, mwezi Novemba ni mnunuzi anayebembelezwa, na mtu anayetumia nguvu ya mwezi wake bila kiasi hulipishwa mwezi wa mwenzake unapofika.

Sasa tuufuate mzigo wenyewe, maana hapo ndipo mizani ya haki inapoonekana. Hatua ya kwanza ni neno: mnunuzi ametaja idadi na bei, muuzaji ameitikia, na hakuna aliyetoa senti. Kubadili hapa hakumgharimu mtu ila muda wa simu, na aliyebadili hana deni. Hatua ya pili huanza pale mwenye ghala anapogawa fedha kwa wachuuzi wanaozunguka vijijini, Tororo, Butaleja na kwingineko, wakinunua debe kwa debe. Fedha hizo, ziwe zake au za mkopo, zimefungwa, na anayepunguza agizo anamwachia mwenzake mali iliyonunuliwa kwa matumaini yake. Hatua ya tatu ni kuanika, kupepeta, kuchagua na kushona magunia, kazi inayofanywa kwa kiwango ambacho mnunuzi fulani amekitaka na pengine mwingine hakihitaji. Hatua ya nne ni kupakia, penye ujira wa makuli na nauli ya lori. Hatua ya tano ni forodha, ambapo uzito na thamani vimekwisha kuandikwa. Hata mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu mwepesi wa Jumuiya, uliowekwa kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huwa ameshika cheti cha asili kinachotaja mzigo ule na si mwingine. Hatua ya sita, iliyo ngumu kuliko zote, ni mzigo uliokwisha kuvuka: kuurudisha ni kulipa nauli ya pili na kuanza upya habari za forodha, na kuutafutia mnunuzi mwingine katika mji wa ugenini ni kuuza kwa bei anayoitaka yeye.

Mtu akizitazama hatua hizi sita ataona kwamba magunia mia yaliyopunguzwa katika hatua ya kwanza na magunia mia yaliyopunguzwa katika hatua ya nne ni maombi mawili yaliyo mbalimbali kabisa, ijapokuwa maneno yake ni yale yale. Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu mnunuzi huhesabu yuko katika hatua ya kwanza ilhali muuzaji amekwisha kufika ya tatu, wala hakuna aliyemwambia mwenzake mzigo umefika wapi. Na pengine agizo lenyewe halikuwa moja tangu mwanzo: Kenya huhesabu kwa gunia la kilo 90, ilhali Uganda mahindi huuzwa kwa kilo na gunia lake mara nyingi ni la kilo 100, basi magunia mia tatu ni tani 27 kwa huyu na tani 30 kwa yule. Tofauti ya tani tatu si mabadiliko ya agizo, ila itajadiliwa kwa uchungu kana kwamba ni hiana, na dawa yake ni kuagiza kwa kilo tangu neno la kwanza.

Sababu za kubadili nazo hazilingani, na mwamuzi mwadilifu hana budi kuzitenga. Ipo sababu inayotoka katika mali yenyewe. Kiwango cha Afrika ya Mashariki hakiruhusu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, wala sumukuvu aina ya aflatoksini inayozidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha yaweza kushindwa vipimo vyote viwili. Tusilichukulie jambo hili kuwa ni kisingizio cha wanunuzi: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Anayeomba siku tatu zaidi ili aanike anaomba kwa ajili ya wote, na kumkatalia ni kumfundisha kupakia mali mbichi. Lakini pia lori likikataliwa mlangoni mwa kinu cha Nairobi, swali la nani abebe hasara hujibiwa vyema ikiwa sampuli ilichukuliwa Busia mbele ya wote wawili au mawakala wao, ikafungwa, kila mmoja akabaki na yake. Bila ya hivyo muuzaji atasema mahindi yalilowa njiani, na mnunuzi atasema yalitoka yakiwa mabichi, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Ipo sababu inayotoka kwa serikali. Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na malori yaliyokuwa njiani yakajikuta yamesimama. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti, miongoni mwayo kwamba waagizaji waandikishwe na kila shehena iwe na hati ya kuthibitisha kiwango cha sumu. Hapa hakuna muuzaji wala mnunuzi aliyekosa, na insafu inataka hasara igawanywe. Kadhalika njia huweza kufungwa na mambo makubwa kuliko wafanyabiashara: mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na Uganda ikapungukiwa mafuta; na mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa maradhi ya Korona, foleni za malori Busia na Malaba zikafika kilomita nyingi. Aliyekuwa ameahidi kufikisha mzigo kwa siku mbili hakuwa mwongo alipoufikisha baada ya juma zima.

Ipo sababu ya tatu, nayo ni thamani ya fedha. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi za Kenya takriban 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka karibu na 130, ilhali shilingi ya Uganda haikuyumba kwa kiasi hicho. Basi shilingi moja ya Kenya iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi kama 24 za Uganda ikawa inaleta kama 29. Waliopatana bei kwa fedha ya Kenya walimnufaisha muuzaji, na waliopatana kwa fedha ya Uganda walimnufaisha mnunuzi, pasipo yeyote kati yao kufanya kazi iliyomstahilisha faida hiyo. Na ipo sababu ya mwisho, iliyo nyonge kuliko zote, ya mtu aliyepata bei nzuri zaidi kwingine baada ya kuahidi. Huyu hana udhuru, na akibadili yapasa alipe gharama yote. Wala wauzaji wasijifanye kwamba ila hii ni ya wanunuzi peke yao, maana mwenye ghala anayepeleka magunia mia mbili badala ya mia tatu, kwa kuwa mia nyingine zimemvutia mpita njia mwenye fedha taslimu, naye amebadili agizo bila ridhaa.

Tukija kwenye mazungumzo yenyewe, kosa kubwa linalowapata watu ni kulifanya agizo kuwa namba moja tu ya kuvutana, yaani bei. Agizo lina sehemu nyingi: kiasi, wakati, ubora, mahali pa kukabidhiana, fedha itakayotumika na siku ya malipo, na washirika wa muda mrefu wana sehemu moja zaidi ambayo wapita njia hawana, nayo ni agizo lijalo. Anayetaka kupunguza kiasi aweza kutoa wakati, akasema: «Mama, magunia mia mbili nayachukua kesho na kuyalipa taslimu, na mia yanayobaki nayachukua baada ya wiki mbili, gharama ya ghala juu yangu.» Anayetaka kuchelewesha aweza kutoa arubuni ili mwenzake aendelee kuwalipa wachuuzi. Adabu ya mapatano haya ni kwamba anayeomba badiliko ndiye anayetangulia kutaja atakachokibeba, kwa kuwa anayeomba bila kutoa anamlazimisha mwenzake aanze kwa kukataa, na mazungumzo yaliyoanza kwa kukataa hurefuka bila ya haja. Naye anayeombwa ana wajibu wake: aseme kweli mzigo umefika hatua gani, asije akadai gharama za hatua ya nne ilhali magunia hayajashonwa.

Hata hivyo, hazina hii ya agizo lijalo ina hatari ndani yake. Kila hisani iliyofanywa kimya huwa deni kimya, na binadamu huzikumbuka vizuri hisani alizozitoa kuliko alizozipokea, hata baada ya miaka mitano kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye anayedai. Stewart Macaulay, mwanasheria wa Marekani aliyewachunguza wafanyabiashara wa Wisconsin na kuchapisha makala yake mwaka 1963, aligundua kwamba hata katika nchi ile yenye mawakili tele, wafanyabiashara waliozoeana hutatua mabadiliko ya maagizo kwa mazungumzo bila kuufungua mkataba. Busia ingempa ushahidi kama huo huo. Lakini kutokufungua mkataba si sawa na kutokuandika lolote, na wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mstari mmoja katika daftari au ujumbe wa simu unaosema tarehe, kilichobadilika na aliyeibeba gharama haumtuhumu mtu; unazihifadhi hisani zisiharibike zikawa kinyongo.

Sheria nazo, zikisomwa vizuri, zinaunga mkono njia hii. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata ile ya Kiingereza ya 1893, inakubali kwamba mazoea ya wanaouziana yanaweza kuondoa masharti ambayo sheria ingeyaweka, na maana yake kwa mtu wa mpakani ni nzito: anayenyamaza kila mara mzigo unapopunguzwa aweza siku moja kuambiwa kwamba ukimya wake umekuwa kanuni. Kanuni za mikataba ya biashara za kimataifa zilizotolewa na taasisi ya UNIDROIT mwaka 1994 zinampa aliyeelemewa na mageuzi makubwa ya hali haki ya kuomba mapatano mapya, ila kwa sharti kwamba aombe bila kukawia na aeleze sababu, na kwamba kuomba tu hakumruhusu kuacha kutimiza wajibu wake. Fikihi ya Kiislamu nayo, iliyoongoza miamala ya pwani kwa karne nyingi, ina mlango wa ikala, ambapo wawili huutangua mkataba kwa ridhaa yao na kurudishiana thamani ile ile ya awali. Na juu ya arubuni wanazuoni walihitilafiana, Mashafii wakiwa miongoni mwa waliomkataza muuzaji kuila pale mnunuzi anapojitoa, Mahanbali wakiiruhusu. Khitilafu hiyo inafaa kuzingatiwa na kila apokeaye arubuni Busia, maana swali lililowashughulisha wanazuoni ndilo lile lile la makala haya: je, fedha hiyo ni fidia ya gharama iliyokwisha kutoka, au ni faida inayochumwa katika udhaifu wa mwenzio? Kwa maoni yangu, arubuni iliyozuiwa iwe kwa kadiri ya hatua uliyofikia mzigo, na inayozidi irudi.

Yumo katika mnyororo huu mtu ambaye mpaka sasa hatujamtaja ila kwa mbali, naye ni mkulima. Jay Forrester, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mienendo ya viwanda, alionyesha jinsi badiliko dogo la mahitaji dukani linavyokua kila linapopanda kiungo kimoja, hata likifika kiwandani limekuwa mtikisiko mkubwa, kwa kuwa kila kiungo hujihadhari zaidi ya lazima. Mashambani Tororo hali ni hiyo hiyo: kinu kikipunguza kidogo, mnunuzi hupunguza zaidi ili awe salama, mwenye ghala huwazuia wachuuzi wote, na mchuuzi hafiki tena katika kijiji ambacho juzi aliwaambia watu wasimuuzie mtu mwingine. Mkulima haombwi maafikiano, wala hapewi gharama ya ghala. Mahindi yake hubaki mkekani, panapoota ile sumukuvu itakayokuwa sababu ya badiliko linalofuata. Hivyo washirika wawili wanaosifiana kwa kupatana vizuri, ikiwa wamepatana kwa kumtupia mtu wa tatu hasara yote, hawakuiondoa hasara. Wameiahirisha, nayo itawarudia msimu ujao kwa sura ya mali mbovu au ya mkulima aliyewauzia wapita njia.

Huenda mtu akasema kwamba kuandika kanuni za mabadiliko ni kuleta shaka palipokuwa na imani, na kwamba waliozoeana hawana haja nazo. Pingamizi hili lina heshima yake, kwani imani ndiyo iliyoiendesha biashara hii hata katika miaka ambayo serikali mbili hazikuwa zikisikilizana. Ila tutazame ni nani kwa kawaida anayelitoa. Aghalabu ni yule mwenye nguvu zaidi, ambaye pakosekanapo kanuni, neno lake ndilo kanuni; na muuzaji mwenye mshitiri mmoja tu, akiombwa badiliko «kwa udugu», hana namna ya kukataa, hata ombi likawa amri iliyovikwa maneno matamu. Kipimo cha udugu ni kama ombi lile lile lingekubaliwa likitoka upande wa pili, na kanuni iliyoandikwa wakati wa utulivu ndiyo inayompa mnyonge ujasiri wa kuuliza hivyo.

Basi mapendekezo yangu ni machache, nayo yanawezekana kwa kalamu na karatasi moja. Kabla ya mvua za Machi, wakati ambapo hakuna mzigo njiani wala mtu mwenye hasira, washirika wakae waandikiane mambo manne: kwamba maagizo yote yatahesabiwa kwa kilo na bei itatajwa kwa fedha ya nchi gani, pamoja na kiasi cha kuyumba ambacho kikipitwa watazungumza upya; kwamba muuzaji atatoa habari kila mzigo unapovuka hatua moja, na mnunuzi atatoa habari siku ile ile anapoanza kuwa na shaka, asingoje mpaka awe na hakika; kwamba gharama ya hatua zilizokwisha kupitwa ni ya aliyebadili, isipokuwa sababu iwe ni ya serikali au ya njia, ambapo itagawanywa nusu kwa nusu; na kwamba mchuuzi aliyekwisha kutumwa vijijini hatarudishwa mikono mitupu, bali atapewa walau fedha za kutimiza ahadi alizokwisha kuzitoa kwa wakulima. La mwisho ndilo litakalopuuzwa kwa wepesi zaidi, kwa kuwa mkulima hana namba ya simu ya kinu; nalo ndilo ninaloliona kuwa kipimo cha mapatano yote, maana serikali zimekwisha kuwajengea wafanyabiashara paa moja hapo Busia, ila uadilifu wa mali ipitayo chini yake utaanzia katika shamba ilikotoka, au hautakuwapo kabisa.